Maprodyuza wa mageto, nani kawadanganya vokali (sauti ya kuimba) zinarekodiwa stereo? Sauti yangu imefia ukumbini

Wakuu nina hasira hapa sitaki hata salamu. Nimelipa laki na nusu kwa prodyuza mmoja, jina silitaji akipita atajijua, anirekodie wimbo wa kumuingiza dada'ngu ukumbini siku ya sendofu yake. Studio yake ni geto la kawaida tu, chumba chake cha kulala, maiki moja ya kondensa na godoro limeegeshwa ukutani. Nikaimba, akanivalisha hedifoni, aisee sauti imetanda masikio yote mawili mpaka nikajikuta natabasamu. Namuuliza mbona pana hivi, ananiambia "hii stereo kaka, wale wanaorekodi mono ndo maana wanasikika kama wako kwenye simu". (Stereo ni kushoto na kulia kila upande na sauti yake, mono ni sauti moja tu.)

Picha linaanza Jumamosi. MC kaita, DJ kaachia, biti inapiga balaa, dada na mpambe wake wanakuja kwa madoido, mimi nasubiri vesi yangu iingie... wapi. Biti tupu! Kwa mbaaali unasikia kimkia cha rivabu (ule mwangwi) kama kuna mtu anaoga nyumba ya tatu. Shangazi akanigeukia, "si ulisema umeimba wewe?" Nilitamani ardhi ipasuke.

DJ akahangaika na waya weee, mwisho akaweka hedifoni kwenye laptop, sauti ipo, akabonyeza kitufe cha mono, kushoto na kulia zikajumlishwa kuwa moja, sauti ikafa palepale. Ndo akanisanua. Yule bwana alirekodi maiki moja kwenye trak (njia ya kurekodia kwenye programu) ya stereo, kwa hiyo kushoto na kulia ni kitu kilekile, hiyo sio stereo ni mono imevaa koti, alipoona haina upana akaligeuza wimbi la kulia juu chini chini juu. Ukivaa hedifoni kila sikio linapata lake so inatanda, ila mfumo wa ukumbi ule ulikuwa mono, ukijumlisha moja na hasi moja unapata nini? Sifuri. Biti ilipona kwa vile haikuchezewa.

Sasa niulize, wimbo wa Kiswahili unasikilizwa wapi kama sio kwenye simu ya spika moja, au kale kaspika ka bluetooth kwenye banda la chipsi? Kote huko ni mono, na wewe hujawahi hata siku moja kubonyeza mono ukasikiliza kazi ya mtu uliyemla hela!

Mdomo mmoja, maiki moja, trak mono, basi. Programu za kurekodia zenyewe zinakuruhusu: Cubase inakuuliza kabisa unapofungua trak, FL Studio ukishuka kwenye orodha ya inputi za mono zipo. Unataka upana? Mwambie msanii aimbe tena mara ya pili, moja pani (isukume) kushoto nyingine kulia, hawezi kuimba vilevile mara mbili kwa hiyo hazifutani. Rivabu na dilei (sauti inayojirudia) ndo ziwe stereo. Maiki mbili kaa nazo kwa ajili ya kwaya au piano.

Na bando je? Nimeomba mafaili niyapeleke kwa mtu mwingine, kanitumia trak 14 za vokali, dakika 4 kila moja, ubora wa 24-bit, 48 kHz, zote stereo. Karibu MB 970 wakati mono zingekuwa kama 485. Nusu nzima ni hewa nimeilipia mimi.

Nilipofungua nimebakisha upande wa kushoto tu, wa kulia nimetupa, sauti imerudi imesimama katikati imenyooka, kazi ya dakika kumi. Sendofu ndo ishapita. Nimempigia anirudishie japo nusu ya hela anasema spika za ukumbi mbovu. Nimempigia tena leo asubuhi, inaita tu.