Contemptuous SIYO contemptible! Nani anawapitishia hizi tafsiri?

Wakuu, hili sasa limezidi. Kila ukifungua tafsiri unakuta contemptuous na contemptible zimebadilishana nafasi kama Kulwa na Doto. Contemptuous ni anayedharau. Contemptible ni anayestahili kudharauliwa. Mmoja anabetua mdomo, mwingine ndiye anayebetuliwa. Ugumu uko wapi?

Chukueni a contemptuous liar na a contemptible liar. Wa kwanza ni mwongo anayewaona wenzake takataka. Wa pili ni mwongo ambaye yeye mwenyewe ndiye takataka. Nomino ile ile, mkia tu umebadilika.

Balaa linaanzia kwenye uvivu wa kubandika "-a dharau" kila mahali. Jicho la dharau, kicheko cha dharau, sawa, hapo ni contemptuous. Ila ukitafsiri a contemptible man kuwa "mtu wa dharau", umemgeuza mdharauliwa kuwa mdharau! Kiswahili kina kauli ya kutendwa, itumieni. Sentensi ikikubali "mwenye kudharau", andika contemptuous. Ikikubali "wa kudharauliwa", andika contemptible. Jaribio la sekunde tano.

Halafu kihusishi. Contemptuous hufuatwa na of: She was contemptuous of his excuses. Anayependa for ni nomino, contempt for the rules. Mkizichanganya ndipo inazaliwa ile contemptuous for inayotia kichefuchefu. Contemptible of his excuses ndiyo haipo kabisa. Na tahajia jamani, contemptuous ina u mbili, msimeze ya kwanza.

Wanajeshi wa Uingereza waliopigana Ufaransa na Ubelgiji mwaka 1914 walijiita Old Contemptibles, wakikejeli kauli iliyodaiwa kutolewa na Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani, kwamba wao ni kajeshi ka kudharauliwa. Wekeni contemptuous hapo muone: wao ndio wanakuwa wenye nyodo, na utani wote umekufa.

Ila kinachoudhi kuliko vyote ni nyaraka za sheria. Contemptuous damages katika sheria ya Uingereza ni fidia ya sarafu ndogo kuliko zote, siku hizi peni moja. Mdai ameshinda kisheria, lakini mahakama inaona kesi yenyewe haikustahili kuletwa, hasa zile za kashfa. Yaani mwenye dharau hapo ni mahakama, na anayedharauliwa ni mshindi! Mtu anakuja kuandika "fidia kwa kosa la kudharau mahakama", na mteja anasoma kesi nyingine kabisa.