Niliuliza bati za kanisa, mchungaji akanisomea ukoma wa Miriamu. Nimekosea wapi?

Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri ila matusi pelekeni kwingine, nipo kwenye wakati mgumu.

Nipo kamati ya ujenzi kanisani kwetu, sitataja kanisa wala mkoa. Hela ya bati tumechanga tangu mwaka jana, watu wametoa mpaka kuku, ila hadi leo tunasalia chini ya maturubai. Kwenye kikao cha waumini nikasimama nikauliza risiti ziko wapi, kukawa kimya. Jumapili iliyofuata mahubiri yote yakawa yangu, Zaburi 105 msiguse masihi wangu, yaani wapakwa mafuta wa Mungu, halafu Hesabu 12 Miriamu alivyomsema Musa akapigwa ukoma, watu wananigeukia kabisa. Sasa bi mkubwa ananipigia kila asubuhi eti niende nikapige magoti kabla sijapata laana, na wife hanisemeshi. Mchungaji namheshimu, ndiye alinifungisha ndoa. Je, kimaandiko nimekosa?

Muuza Mkaa:
Kaombe msamaha yaishe mkuu. Daudi alikata upindo tu wa vazi la Sauli kule pangoni Engedi, tena Sauli anamtafuta amuue, na bado moyo ulimchoma. Wewe hata hufukuzwi na mtu unakata vazi mchana kweupe.

Fundi Saa:
Muuza Mkaa malizia sura basi. Daudi huyohuyo alitoka pangoni akamwita Sauli bwana wangu mfalme, akainama mpaka chini, halafu akamwambia Sauli aliyekuja na watu 3,000 kwamba Bwana ndiye aamue kati yangu na wewe. Kuinama aliinama na kusema alisema. Hiyo Zaburi 105 nayo ianzeni juu, masihi hapo ni kina Abrahamu walipokuwa wachache, wageni, wanatangatanga, na wanaokemewa ni wafalme. Mwenye nguvu ndo anaonywa asimguse mnyonge, leo mnyonge ndo anasomewa yeye.

Mama Watatu:
Kaka kuuliza risiti sio dhambi, fungua Kutoka 38 kuanzia mstari wa 21. Maskani, lile hema la ibada, ilipoisha Musa mwenyewe ndo aliagiza hesabu, akasimamia Ithamari mtoto wa kuhani Haruni, dhahabu talanta 29 na shekeli 730, mpaka zile shekeli 1,775 za fedha zilizotengeneza kulabu za nguzo zimeandikwa. Kulabu! Sembuse bati. Na ndo huyo Musa anaitwa mpole kuliko watu wote duniani, kwenye hiyohiyo Hesabu 12 uliyosomewa, mstari wa 3.
Ila nina swali. Miriamu hakuanza na uongozi, alianza na mke wa Musa, yule Mkushi. Niambie ukweli, kwenye grupu la wasapu uliandika nini?

Mleta uzi:
Dah dada umenipatia. Kabla ya kikao niliandika kwamba bati zetu naziona kichwani kwa mama mchungaji, alikuwa kasuka nywele mpya ndefu. Watu walicheka sana. Nilisahau kuweka hilo.

Kijana wa Stendi:
"Nilisahau" 😂😂😂

Mzee wa Kiti cha Nyuma:
Kijana wangu, mchungaji wako kasoma nusu na wewe umeficha nusu. Miriamu alipomsema, Musa hakujitetea, aliyejibu ni Mungu, na Musa alipofungua mdomo ni kumwombea dada yake apone. Hakumfanyia mahubiri. Miriamu akafungiwa nje ya kambi siku saba, na watu wote wakamsubiri, hawakusafiri mpaka arudishwe. Mbona hiyo hamkusomewa?
Wewe mwangalie Hana. Kuhani Eli kamwona anaomba kimya, anachezesha midomo tu, akamwita mlevi. Hana hakumtukana ila hakukubali pia, alisema hapana bwana wangu, sijanywa kitu, nina huzuni rohoni. Na Eli akambariki palepale. Kwa hiyo kwa mama mchungaji nenda na mkeo mkaombe radhi, na kwenye grupu andika, maana ulichafulia hapo. Habari ya bati nenda na wazee wawili ofisini kwa adabu, mwambieni 2 Wafalme 12 sanduku la ukarabati wa hekalu lilihesabiwa na wawili, karani wa mfalme na kuhani mkuu.

Muuza Mkaa:
Sura hiyohiyo mstari wa 15 inasema hawakudaiwa hesabu.

Mzee wa Kiti cha Nyuma:
Waliopewa hela wawalipe mafundi, kwa sababu walikuwa waaminifu na kazi ilionekana. Hawa wa kwenu fundi hata ngazi hajaegesha.

Mleta uzi:
MREJESHO. Jana tumeenda na wife. Mama mchungaji alilia, kumbe nywele alisukwa bure na mdogo wake, nilijiona mdogo kama piritoni. Kwenye grupu nimeandika, safari hii hajacheka mtu. Mchungaji katupa Alhamisi baada ya maombi, naenda na wazee wawili na daftari la michango. Wife ameanza kunisemesha, ila bi mkubwa bado yuko palepale na magoti yake.