Wakuu, meza zangu zinayumba: nikate miguu?

KijikoChaMwaloni: Habari za jioni wakuu. Nina mgahawa wa samaki huku Kirumba, Mwanza. Nimechongesha meza za mraba, miguu minne, mninga mtupu. Tangu zifike zinayumba. Jana supu ya sato imemwagikia mteja mapajani, kaondoka bila kulipa na sikuwa na mdomo wa kumdai. Nikate miguu? Sina raha.

Ngosha_Nyakato: Ulimpa supu nyingine? Chakula ni heshima, ndugu yangu. Mimi nilipokuwa na banda la chipsi Buzuruga, mteja akiungua namfuta mwenyewe.

MwlHesabu: Usiguse msumeno. Pindua meza, miguu juu. Kaza uzi toka ncha ya mguu mmoja hadi ya mguu wa mkabala, halafu uzi wa pili kwa miguu miwili iliyobaki. Mistari miwili inayokatana lazima ilale kwenye bapa moja, yaani uso mmoja ulionyooka. Nyuzi zikigusana katikati bila kubonyezana, ncha zote nne ziko bapa moja na fundi hana kosa. Zikiachana au zikibonyezana, kuna mguu umepunjwa.

BintiUkerewe: Bibi yangu kapikia mafiga matatu maisha yake yote, chungu hakijayumba. Weka miguu mitatu, kaka.

MwlHesabu: Bibi yuko sahihi. Nukta tatu zisizo kwenye mstari mmoja zina bapa moja tu, ndiyo maana miguu mitatu hutua hata kwenye mawe. Wa nne ndio huleta ugomvi. Ila mteja akiegemea ukingo ulio nje ya pembetatu ya miguu hiyo, meza inaweza kupinduka. Kijiko, sakafu yako ni ya nini?

KijikoChaMwaloni: Ya kawaida tu.

MwlHesabu: Saruji?

KijikoChaMwaloni: Mwamba, mwalimu. Ule ule wa asili. Wateja wanaupenda, huu ni mji wa miamba, siwezi kuuzika kwa zege. Na meza mbili fundi ameshazichukua akazipunguze miguu, nimempa hela ya awali. Mtu umeshakubaliana naye unamgeukaje?

Zeze_la_Igoma: Mnachezewa wakuu. Huyu ni mwanafunzi, ana mtihani wa hesabu, swali la bapa kalivisha aproni. Nani anaweka mninga juu ya jiwe?

KijikoChaMwaloni: Sina mtihani, nina marejesho ya kikundi. Njoo uone maboksi niliyokunja chini ya kila mguu, yamelowa mchuzi mpaka yananuka.

BintiUkerewe: Mwamba upo, nimekula pale. Sato wake mtamu.

MwlHesabu: Basi sikiliza. Mguu ukikatwa kufuata jiwe, meza itatulia hapo hapo tu. Ukiisogeza ufagie, inayumba upya. Kama nyuzi zinagusana, izungushe taratibu ilipo, haitazidi robo mzunguko. Mwamba usio na ngazi, ufa wala mteremko mkali una mahali ambapo miguu yote minne ya meza ya mraba hutua. Pakitokea, weka alama ya rangi. Kisha weka pima maji juu, maana meza iliyotulia bado inaweza kuwa imeinama.

KijikoChaMwaloni: Nimeanza na ya karibu na jiko. Nyuzi zimegusana. Nimezungusha, imetulia, ila imeinamia kidogo upande wa ziwa.

MwlHesabu: Mpigie fundi sasa hivi.

KijikoChaMwaloni: Hapokei. Nachukua bodaboda.