Mjadala: Je, mazoezi ya nguvu kabla ya pambano huongeza kasi ya ngumi katika karate?

MLETA MADA, MALINDI

Assalamu alaykum waungwana, na habari za jioni kwa wote. Katika vyama kadhaa vya karate hapa Malindi imekuwa desturi kwamba mchezaji, dakika moja au mbili kabla ya kuitwa uwanjani, apigishwe pushapu thelathini au arushe ngumi mfululizo huku ameshika vyuma mikononi, kwa imani kwamba vyuma vikishawekwa chini mkono utakuwa mwepesi na ngumi itafika mapema. Sasa baadhi ya walimu wanataka zoezi hilo liwe la lazima kwa kila mchezaji, watoto wakiwemo, na wengine wanataka lipigwe marufuku kabisa. Naona pande zote mbili zinabishania zoezi lenyewe, na hakuna anayeuliza linafanywa lini, kwa kiasi gani na kwa nani.

Jambo hili si dogo. Katika kumite, yaani pambano la wachezaji wawili, kwa kanuni za kimataifa, ngumi iliyofika sawasawa hupata yuko, yaani pointi moja, na anayetangulia kupata pointi bila mpinzani kupata yake papo hapo hupewa senshu, ambayo humpa ushindi wakitoka sare. Kwa hiyo kutangulia kwa sehemu ndogo mno ya sekunde kunaweza kuamua pambano zima.

Ndani ya msuli kuna nyuzi za maiosini na aktini ambazo hushikana na kuvutana msuli unapojikaza. Msuli ukijikaza kwa nguvu kubwa, maiosini hupata badiliko la kikemikali ambalo huufanya uitikie kwa wepesi zaidi kalsiamu inayotoka pale neva inapoamuru. Badiliko hilo hufifia upesi, nusu yake ikitoweka katika muda wa nusu dakika hivi. Hata hivyo, faida inayoonekana katika kuruka, kutupa au kupiga mara nyingi huja baadaye, katika dakika ya tano hadi ya kumi, na hiyo huelezwa zaidi kwa joto la msuli, maji yanayoingia katika nyuzi zake na neva kuuamsha kwa ukamilifu zaidi. Zoezi lile lile huleta pia uchovu, na uchovu ndio unaotawala katika dakika za mwanzo. Anayepigishwa pushapu thelathini na kusukumwa uwanjani papo hapo anaingia akiwa amebeba uchovu wote, na faida bado haijafika.

Lipo pia suala la nani anafaidika. Uchambuzi wa Seitz na Haff, uliojumlisha tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa watu wenye nguvu nyingi hufaidika zaidi na mapema zaidi, baina ya dakika ya 5 na ya 7, ilhali wenye nguvu kidogo huhitaji dakika 8 au zaidi. Kwa wanaume, mwenye nguvu katika hesabu hiyo ni yule anayeweza kuchuchumaa na kuinuka na chuma chenye uzito wa angalau mara 1.75 ya mwili wake, yaani kilo 105 kwa kijana wa kilo 60. Katika vyama vyetu, ambamo vyuma vyenyewe ni vichache na wengi hawajawahi kuweka hata fimbo mabegani, vijana wa namna hiyo ni wa kuhesabika. Niongeze kwamba tafiti nyingi za aina hii zilipima kuruka na kukimbia, si ngumi, hivyo tusizichukue kana kwamba zilifanywa kwa ajili yetu.

Msimamo wangu ni kwamba zoezi libaki kwa mchezaji mkubwa aliyekomaa kimazoezi, liwe fupi na zito kiasi, lifuatwe na mapumziko ya kweli, na asilazimishwe mtu.

SENSEI MKONGWE, BARANI

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nimesoma maneno yako yote kwa makini, wala sikatai elimu. Lakini nimewaona vijana wengi wakitoka kwenye pushapu na kusema, "Sensei, mkono umekuwa mwepesi," na nimewaona wakiingia uwanjani bila hofu. Mchezaji anayengoja kwa muda mrefu ameketi sakafuni hupoa mwili na moyo pia. Ukimwambia apumzike dakika nane, hizo ndizo dakika atakazomtazama mpinzani wake na kujijaza wasiwasi. Pushapu humkumbusha kwamba yuko tayari. Hilo haliandikwi katika chati, lakini mwalimu hulijua.

TABIBU WA MAZOEZI YA VIUNGO, MALINDI

Sensei, kwa heshima yako, wepesi anaousikia kijana na kasi ya ngumi yake ni mambo mawili tofauti. Ukishika kitu kizito kisha ukakiacha, mkono huhisi mwepesi hata kama hauendi kasi zaidi, kwa sababu ubongo unalinganisha na hali ya dakika iliyopita. Njia ya kuamua ni kupima. Simu nyingi za siku hizi hupiga video ya mwendo wa polepole yenye picha 240 kwa sekunde, ambapo kila picha ni kama milisekunde 4. Video ya kawaida ya picha 30 kwa sekunde ina pengo la milisekunde 33 baina ya picha na picha, na hapo tofauti tunayoitafuta hupotea. Isimamishwe simu ubavuni mwa mchezaji, apige gyaku-zuki, yaani ngumi ya mkono wa nyuma, kadhaa kwenye shabaha ya umbali uliopimwa, siku moja baada ya kupasha mwili kwa kawaida na siku nyingine baada ya mazoezi ya nguvu. Nusu ya wachezaji waanze na zoezi hili na nusu waanze na lile, ili kuzoea kupima kusije kukahesabiwa kuwa faida ya zoezi.

Kuhusu kupoa mwili, hapo nakubaliana na Sensei. Joto la msuli likipanda digrii moja ya Selsiasi, nguvu ya mwendo wa haraka huongezeka kwa asilimia 2 hadi 5 hivi. Lakini joto hilo hupatikana kwa kukimbia taratibu, kuruka na kurusha ngumi nyepesi, na msimu wa kaskazi hapa pwani hatuhitaji muda mrefu kulipata. Hatari yetu kubwa ni jasho kutoka na maji kutorudishwa.

Nina neno pia juu ya vyuma vya mikononi. Uzito huvuta chini, ilhali ngumi huenda mbele. Bega linachoka kwa kubeba chuma kisianguke, na kinachozoezwa si mwendo tunaoutaka. Mpira wa kuvuta, hata ule unaokatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli na kufungwa kwenye nguzo nyuma ya mchezaji, huzuia katika mstari wa ngumi yenyewe, ingawa huwa mkali zaidi mwishoni, pale mkono unapokaribia kunyooka. Na kwa nini tuhangaike na mkono peke yake? Utafiti wa mabondia wa Kisovieti uliochapishwa mwaka 1985 ulionyesha kwamba kwa mabondia waliobobea mguu wa nyuma ulichangia kama asilimia 38 ya nguvu ya ngumi, na kwa wanaoanza kama asilimia 17 tu. Gyaku-zuki nayo huanzia kisiginoni na kupita nyonga. Miruko michache ya nguvu huenda ikafaa kuliko pushapu thelathini.

MAMA WA MCHEZAJI, LAMU

Mimi si mtaalamu, ila mwanangu wa kike ana miaka kumi na mmoja na amerudi kutoka mazoezini akilalamika mabega kwa sababu ya kurusha ngumi na vyuma. Nauliza: je, mtoto anafaa kufanya mazoezi ya nguvu?

MLETA MADA, MALINDI

Mama, pole kwa mtoto. Mazoezi ya nguvu yanayosimamiwa vizuri, yenye uzito mdogo na mwendo sahihi, hayamdhuru mtoto wa umri huo, wala ile hofu ya zamani kwamba yatamdumaza haina msingi. Kinachomdhuru ni uzito usiomfaa, marudio mengi na msimamizi anayehesabu tu bila kutazama mabega. Tena mtoto huyo hana nguvu za kutosha kupata faida ya dakika za mwisho tunayoijadili hapa. Kabla ya pambano anahitaji kuruka ruka, kunyoosha viungo kwa mwendo na kurusha ngumi zake polepole kisha kwa kasi. Mabega yakiendelea kuuma, vyuma viwekwe kando, aonwe na daktari, nawe zungumza na mwalimu wake bila kuona haya.

Sensei, hoja yako ya moyo naiheshimu, na ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote zilizotolewa. Hata hivyo, mchezaji anaweza kutiwa moyo kwa ngumi tano kali kwenye pedi badala ya pushapu thelathini. Ngumi ya kasi hutaka bega lililolegea mwanzoni na kukaza pale inapogusa tu, na wewe mwenyewe umetufundisha hilo tangu tukiwa na mikanda myeupe. Kifua kilichochoshwa hakilegei.

MWANDALIZI WA MASHINDANO, MAWENI

Mnazungumza kana kwamba mchezaji anajua ataitwa saa ngapi. Ukumbi ni mmoja, pambano la wakubwa ni dakika tatu lakini huweza kukatizwa mapema mmoja akiongoza kwa pointi nane, na wengine hawafiki kabisa. Dakika zenu saba nitazitoa wapi?

MLETA MADA, MALINDI

Ndugu yangu, hapo umeligusa jambo ambalo mwalimu hawezi kulitengeneza peke yake. Sikuombi usimamishe mapambano. Naomba mambo mawili: orodha ya mapambano ibandikwe ukutani na isomwe pambano tatu mbele, ili mwalimu aweze kukadiria, na kona moja ya ukumbi, hata yenye mikeka minne, iachwe kwa wanaojiandaa, maana kwa sasa wanajipasha nje juani baina ya pikipiki. Ratiba ikiyumba na mchezaji akaitwa ghafla, aache mazoezi ya nguvu kabisa aingie na joto la kawaida, kwani kuyakosa hakumpunguzii kitu, ilhali kuyafanya kwa pupa kunampunguzia.

Wakati huo huo, chama chetu kitafanya kipimo alichokieleza tabibu, kwa wachezaji watu wazima waliokubali wenyewe, na Sensei ninamwomba awe yeye anayeshika simu.

SENSEI MKONGWE, BARANI

Nitashika. Lakini kila mchezaji apimwe peke yake na jibu lake liandikwe peke yake, msiniletee wastani mkasema umemhusu kila mtu. Na atakayeonekana kupata kasi kwa pushapu, mumwachie pushapu zake.