CA-125 ya mama mkubwa imetoka 78, ndo basi tena?

Mwana wa Ngamiani:
Wakuu habari za jioni. Mama yangu mkubwa hapa Tanga hedhi ilishakata miaka mingi, mwaka huu akaanza kuona damu tena akanyamaza, mpaka binti yake alipoona kanga. Kinyama kimepimwa, kansa ya ukuta wa ndani wa kizazi. Sasa kabla ya kwenda Ocean Road, hospitali ya kansa Dar, wamempima damu, CA-125 (protini ya kwenye damu inayopanda kwenye baadhi ya kansa) ni 78 na karatasi inasema mwisho 35, chembe nyeupe za damu, neutrofili 6.8 limfosaiti 1.4. Binamu kagawanya hizo mbili kwenye simu kapata karibu 5, kasoma huko mtandaoni anasema wenye hiyo hawaponi, nyumba nzima vilio na mwenyewe hajaambiwa. Hivi kweli damu inajua mtu atapona au la?

Mtu wa Maabara:
Pole ndugu. Ni kweli tafiti zinaonyesha wenye huo uwiano mkubwa kabla ya oparesheni kwa ujumla wanafanya vibaya kuliko wenzao, ila hamna kiwango kimoja kilichokubalika, kila utafiti na chake, na unapanda hata kwa UTI au sindano ya deksamethasoni. Alikuwa na homa siku ile?
CA-125 ikiwa juu daktari anahofia ugonjwa umetoka nje ya kizazi au umefika kwenye tezi za limfu, basi ataangalia picha ya CT kwa makini. Lakini hata faibroidi na TB ya tumbo zinaipandisha.

Bi Chumbageni:
Ya mdogo wangu ilikuwa juu kuliko hiyo, baada ya oparesheni ikashuka, sasa ndo wanamfuatilia nayo kila kliniki. Karatasi hiyo msiipoteze. Na Hb (wingi wa damu) je? Sie tarehe ilisogezwa mpaka aongezwe damu.

Mzee wa Mizizi:
Dawa ipo Handeni, njoo inbox.

Mtu wa Maabara:
Mzee acha hizo. Ndugu, kamuulize daktari kinyama kimesema aina gani, gredi (ukali) ngapi, halafu baada ya oparesheni imezama kiasi gani kwenye msuli wa kizazi na tezi zikoje. Hayo ndo yanasema mengi kuliko damu. Panapowezekana wanapima na protini za p53 na MMR kwenye kinyama hichohicho, p53 ikiwa na hitilafu kansa huwa ni kali.

Mwana wa Ngamiani:
Shukrani sana. Mkojo ulikuwa unamuunguza wiki ileile, yupo kwenye dozi! Hb 8.9. Binamu nampigia sasa hivi. Hiyo CT bima inalipa au tuanze kuchangishana?