Wayahudi wanasamehewaje dhambi bila Yesu?

mwanakwaya: Wakuu, Wayahudi hawamkubali Yesu, na hekalu lao Warumi walilibomoa mwaka 70. Sadaka hakuna. Dhambi zao zinaondokaje?

kinyozi_mbale: Kwa toba, mkuu. Kwao hakuna kurithi dhambi ya Adamu. Hapa Mbale, Uganda, nina majirani Abayudaya, yaani Wayahudi wa huku, dini waliyoachiwa na chifu Semei Kakungulu tangu 1919. Yom Kippur, siku yao kuu ya toba, wanafunga saa 25, hata maji hawagusi. Ila ukimdhulumu mtu, kufunga hakutoshi: nenda umwombe radhi mwenyewe, urudishe chake. Hapo ndipo wananikosha.

mama_sele: Na Masihi je?

kinyozi_mbale: Bado wanamngoja, tena binadamu, si Mungu. Utatu hawataki hata kuusikia.

mama_sele: Hilo la kuomba radhi kwanza mbona Yesu kalisema, Mathayo 5:23-24? Sisi tunalipita tu tukikimbilia sadaka.