Mtoto wa miezi 9 anaharisha, mama mkwe anasema ni meno ya plastiki. Naombeni ushauri

Mama Wawili
Habari za jioni wapendwa. Mwanangu wa miezi 9 anaharisha tangu jana asubuhi, choo cha majimaji mara 5 au 6 kwa siku, na usiku mwili ulikuwa wa moto. Kunyonya ananyonya, ila uji anautema. Mama mkwe kampapasa fizi za juu, anasema kuna uvimbe pande zote mbili, mweupe kwa mbali, hayo ni meno ya plastiki na yasipotolewa mtoto haponi. Wamepanga kesho aje bibi mmoja wa mtaani kuyatoa. Meno yaliyoota ni mawili tu ya chini. Huo uvimbe ni nini?
Halafu dada yake wa miaka 3, meno yake ya mbele ya juu yameanza kuwa ya kahawia karibu na fizi. Tupo Usa River, Arusha.

Tabibu Kinywa
Dada, huyo bibi kesho asije. Mengine tutayaongea polepole, ila hilo ni la leo.

Uvimbe alioushika mama mkwe upo kweli, hajakosea. Ni chonge za utotoni, yaani meno ya pembeni yenye ncha, zinazokua ndani ya fizi. Chonge hutokeza mtoto akiwa na miezi 16 hadi 22, lakini miezi mingi kabla ya hapo ufizi huinuka juu yake, na kwa kuwa ngozi ya hapo ni nyembamba, unaona weupe. Osha mikono, pitisha kidole upande wa kulia kisha wa kushoto: utakuta uvimbe umekaa sawasawa, mahali pale pale. Ugonjwa haupangi hivyo.

Wanaotoa hutumia sindano ya kushonea, spoki ya baiskeli iliyochongwa, wembe, hata kucha. Wanachimba ufizi bila ganzi, wanatoa kitu cheupe, laini, kama funza, wanakuonyesha. Hicho ni kichipukizi cha jino ambacho hakijakomaa kuwa kigumu, ndiyo maana kinafanana na plastiki. Nyuma yake ndiko kilikolala kichipukizi cha chonge ya ukubwani. Kikiguswa, jino la kudumu linaota likiwa limepinda, lina mashimo, au haliji kabisa, na utaligundua mtoto akiwa na miaka 11 au 12, wakati hakuna anayekumbuka habari ya spoki. Hapo sijataja damu: mtoto wa kilo 8 hana damu nyingi ya kupoteza, na kifaa kile kile kilitoka kwenye kinywa cha mtoto mwingine. Homa ya ini na virusi vya UKIMWI hupita njia hiyo.

Mzee Kitongoji
Tabibu, tumeona watoto wengi wakitolewa na wanapona siku ya tatu. Hilo unalielezaje?

Nesi wa Watoto
Shikamoo mzee. Ni swali la haki. Kuharisha kwingi kwa watoto wa umri huu kunaletwa na virusi, na huisha kwenyewe ndani ya siku 3 hadi 7. Kwa kawaida bibi huitwa siku ya pili au ya tatu, ugonjwa ukiwa umeshaanza kuelekea mwisho, hivyo sifa inakwenda kwa spoki. Asiyepona anasemwa alicheleweshwa.

Mbona basi kuharisha kunaendana na meno? Kwa sababu miezi ni ile ile. Kuanzia miezi 6 mtoto anaanza uji, anatambaa, kila alichookota anapeleka mdomoni, na kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama inapungua. Jino likiota huleta udenda, kutafuna vidole, kulialia kidogo. Kuharisha mara 6 na homa si kazi ya jino.

Mama Wawili, usiku huu fanya hivi. Tafuta ORS, ile dawa ya unga ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki. Soma pakiti ya ORS kabla ya kuchanganya, kwani nyingine ni ya lita 1 na nyingine ni ya nusu lita. Ukiweka maji pungufu chumvi inazidi na inamdhuru. Maji yawe yamechemshwa yakapoa. Kila akiharisha, mpe mililita 50 hadi 100 kwa kijiko au kikombe, si chupa. Akitapika subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi, kijiko kimoja kimoja. Iliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Zinki, kwa miezi 9, ni miligramu 20 kwa siku kwa siku 10, yayushe kidonge kwenye kijiko cha maziwa yako. Usikatishe hata akiacha kuharisha siku ya tatu. Titi mpe kila akitaka, usiku na mchana.

Asubuhi mpeleke kituo cha afya akapimwe malaria kwa ajili ya hiyo homa. Usingoje asubuhi ukiona: macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi taratibu, amelegea au haamki vizuri, hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, damu kwenye choo, au degedege.

Mzee Kitongoji
Marahaba mwanangu, nimekuelewa. Na kumsugua ufizi kwa chumvi na kitunguu, nako kuna ubaya?

Tabibu Kinywa
Kuna ubaya, mzee. Ufizi unachubuka na kidonda kinabaki. Asali nayo asipewe kabla ya kutimiza mwaka, hata ya kupaka. Dawa za ganzi za kupaka zinazouzwa madukani, mtoto anazimeza na zinaweza kumdhuru. Kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji ya baridi, akitafune, kinatosha.

Mama Wawili
Asanteni sana. ORS nimepata, ameshakunywa vijiko vingi na hajatapika. Shida imebaki kwa mama mkwe, naogopa ataona namdharau.

Nesi wa Watoto
Usibishane naye nyumbani. Mwombe akusindikize kliniki, yeye ndiye ambebe mtoto. Ukifika, mweleze nesi hapo hapo mbele yake kwamba bibi yake mtoto ameona uvimbe, tunaomba mtuangalizie. Mama mkwe wako amewaona watoto wakifa kwa kuharisha, hofu yake ina sababu. Akisikia mhudumu anasema "mama umeona vizuri, hiyo ni chonge inakuja", heshima yake imebaki na spoki imeondoka.

Tabibu Kinywa
Sasa huyo wa miaka 3. Mlaze kichwa mapajani pako, miguu ielekee mbali nawe, karibu na dirisha. Nyanyua mdomo wa juu kwa kidole gumba, futa meno kwa kitambaa kikavu, kwa sababu mate huficha alama. Mstari mweupe kama chaki unaofuata ufizi ni kuoza kunakoanza, na hapo bado jino linaweza kujirudi. Kahawia yenye kishimo haijirudi, hiyo ni ya kliniki ya meno. Meno ya chini ya mbele mara nyingi utayakuta mazima, maana ulimi huyafunika na mate yanabubujika chini yake. Je, analala na chupa ya uji wa sukari, chai au juisi?

Mama Wawili
Ndiyo, uji wa sukari kwenye chupa, mpaka anasinzia nayo.

Tabibu Kinywa
Basi chanzo tumekipata. Akilala mate hupungua, sukari inakaa kwenye meno usiku kucha, bakteria wanaigeuza asidi. Ukimnyang'anya ghafla hamtalala nyote, kwa hiyo kila usiku zimua uji kwa maji zaidi, ndani ya wiki moja au mbili kibaki maji matupu, kisha chupa iondoke. Uji anywe kwa kikombe kabla ya mswaki. Baada ya mswaki ni maji tu.

Mswaki ni mara 2 kwa siku, na wa usiku ndio mkubwa. Mswaki laini, mkao ule ule wa mapajani, nywele za mswaki ziguse mpaka wa jino na ufizi, miduara midogo. Umsugue wewe mwenyewe hadi afike miaka 7 au 8, mikono yake haijaweza. Ateme povu bila kusukutua. Dawa ya meno iwe na floraidi, madini yanayokinga meno yasioze, 1000 ppm au zaidi (yaani miligramu 1 kwa kila gramu ya dawa): kwa huyu wa miaka 3, saizi ya punje ya njegere. Kwa mdogo, saizi ya punje ya mchele, kwenye yale mawili ya chini, kuanzia sasa.

Maji Salama
Usa River maji mengi yana floraidi nyingi tayari. Mnamwongezea na dawa ya meno?

Tabibu Kinywa
Hoja nzuri, tuipigie hesabu. Punje ya mchele ni kama gramu 0.1, kwa 1000 ppm ina floraidi miligramu 0.1. Hata aimeze yote asubuhi na jioni ni 0.2. Lita moja ya maji yenye 4 mg kwa lita inampa miligramu 4. Kwa hiyo tatizo la kwenu lipo kwenye ndoo. Kikomo ni 1.5 mg kwa lita.

Meno ya mbele ya kudumu hujengwa ndani ya fizi katika miaka mitatu minne ya mwanzo. Kinachoingia mwilini wakati huo ndicho kitakachoonekana kama madoa ya kahawia akianza shule.

Maji Salama
Kuchemsha hakuiondoi, tena maji yakipungua inakolea zaidi. Chujio la mkaa wa mifupa linaiondoa, ila mkaa huchoka na lazima ubadilishwe. Kituo cha Ngurdoto hapo hapo Arumeru ndicho kimefanya kazi hiyo miaka mingi, kawaulizeni. Maji ya mvua pia ni mazuri kwa uji wa watoto. Na magadi kwenye makande acheni kabisa kwa watoto, yana floraidi. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, yataiva.

Mama Wawili
Hilo la magadi sikulijua. Maji yaliyochujwa ni ya kunywa tu au na ya kupikia?

Maji Salama
Na ya kupikia. Uji, chai, mchuzi na wali hubeba maji mengi kuliko anayokunywa kwa kikombe. Ya kuoga na kufulia tumia ya bomba.